Chupa ya Sengi na Mashine ya Cc Mia Tatu

Mwanangu, nakumbuka siku ambayo nusura mtu auawe uani kwetu, mchana kweupe, kuku wakidonoa na watoto wakitazama, na mimi nimesimama palepale na rula ya shule mkononi. Kaa vizuri. Na kama unataka kuchezea simu, ichezee sasa hivi uimalize, maana mimi nikianza sipendi kukatizwa.

Tulikuwa tunakaa Nkoma, kwenye mji wa baba yangu Jilala. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Kabla ya hapo pamba mlipeleka kwa chama cha ushirika, sabuni mlipanga foleni, na kitenge kikija kimoja mnakigombania ukoo mzima. Halafu ghafla, mwanangu, kila mtu akawa mfanyabiashara. Malori yakaingia Bariadi na mitumba, masufuria, redio, baiskeli, mashine zilizokwisha kutumika huko kwa wenzetu. Tulifurahi, sikatai. Nilivaa gauni la mtumba lenye vifungo vya dhahabu nikajiona mke wa mkuu wa mkoa. Lakini hofu nayo ilikuwepo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukwambia hiki kizima na hiki kibovu. Jirani yetu alinunua redio nzuri sana, akafika nayo nyumbani, akaifungua, ndani akakuta kipande cha tofali. Tulicheka mpaka machozi, kisha kila mmoja akarudi kwake akiwaza yake.

Baba alikuwa na kinu cha mashine, lile dude la chuma la kusagia mahindi. Alikipata chama kilipokuwa kinafunga shughuli zake na kuuza vitu vyake. Kinu chenyewe kilikuwa kizima, ila hakikuwa na injini ya kukizungusha, kwa hiyo kilikaa chini ya paa la nyasi na kuku wakawa wanataga ndani yake. Mama alikuwa anabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kulalamika. Kila akipita pale alikuwa anakitazama kile kinu, kisha anamtazama baba, bila kusema neno. Kwa baba ilikuwa heri atukanwe kuliko kutazamwa vile.

Fundi mmoja wa Maswa alikuja akakikagua, akamwambia baba: tafuta injini ya cc mia tatu. Chini ya hapo usithubutu, mahindi yakiingia tu itazimika.

Usione haya kama hujui cc ni nini. Unapanda bodaboda kila siku na hujui, na hakuna aliyekucheka. Ndani ya injini kuna silinda, tundu la duara kama kikombe. Ndani ya tundu hilo kuna pistoni, inapanda na kushuka. Pistoni ikishuka mpaka mwisho, ile nafasi inayobaki wazi juu yake ndiyo wanayoiita cc. Cc moja ni mililita moja. Ukiweza kuijaza kitu ukajua umejaza kiasi gani, umeshajua ukubwa wa injini. Ni hivyo tu, lakini nusura hivyo tu vitutie damu mikononi.

Basi akatokea Bwana Swedi. Huyu alikuwa Mwislamu wa Bariadi mjini, mwenye duka sokoni, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, wazazi wake walitokea Kigoma. Alikuwa amepata injini moja ya petroli, imepakwa rangi ya kijani, na kile kibati cha maandishi kinachoeleza ukubwa wake kilikuwa kimeng'oka. Yeye alisema ni cc mia tatu. Hakutaka pesa. Alitaka maksai wetu wawili, Mweupe na Dereva.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, mwanangu. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Wale maksai ndio walikuwa jembe letu, hatukuwa na wengine. Tukiwatoa, tukapata injini isiyovuta, hatulimi na wala hatusagi. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeshakula michembe, yale makavu ya viazi vitamu, mpaka ikatuchosha, na michembe yenyewe ikaisha. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa, na ningetamani nisielewe.

Na kuna jambo jingine lazima ulijue. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umetukalia kooni. Kila kijiji kilikuwa na walinzi wake, watu wazima na vijana, wenye fimbo na mishale, yowe likipigwa wanatoka. Walitusaidia sana, simsemi mtu vibaya. Lakini miaka ile neno mwizi lilikuwa halitamkwi ovyo. Ukishalitamka mbele ya watu, limeondoka kwako, na yatakayofuata huyaongozi tena wewe.

Siku aliyokuja Swedi, baba hakumaliza hata uji. Alikuwa anatoka nje, anaangalia njia, anarudi, anauliza maksai wamekunywa maji, anatoka tena. Mama akamwambia, "Jilala, utaimaliza ardhi kwa kuikanyaga." Baba akatoka tena.

Mchana pikapu ikaingia, ndani Swedi na dereva wake. "Mwadila!" Swedi akatusalimia kwa Kisukuma chake cha dukani, watoto wakacheka, tukamwitikia. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja kuona injini, na walinzi nao walikuja, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba, fimbo zao mapajani. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja kutazama kama sisi wengine.

Swedi akaiwasha ile injini. Ilinguruma, kuku wakatawanyika, wanawake wakapiga vigelegele. Baba peke yake ndiye hakutabasamu.

"Kelele hata mbuzi anayo," akasema. "Nitajuaje kama ni mia tatu?"

"Mzee Jilala," Swedi akajibu, "nitaifungua mbele yako. Upime mwenyewe, roho yako itulie."

Neno hilo lishike, mwanangu. Mtu mwenye nia ya kukuibia hakupi spana.

Akaizima, akaiacha ipoe, akafungua boliti za juu moja moja, akaondoa kifuniko. Tukachungulia. Akazungusha gurudumu kwa mkono, pistoni ikapanda mpaka ikawa sawasawa na ukingo. Akalizungusha tena, ikashuka mpaka chini kabisa, pakabaki lile tundu la duara, safi, linang'aa. Akapaka grisi nzito pembezoni ili kitakachomiminwa kisivuje.

"Minza," baba akaniita, "lete ule mkebe wako."

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mkebe wa hesabu nilikuwa nimeutunza kuliko gauni la vifungo vya dhahabu. Nikapima upana wa tundu: sentimita saba. Nikapima kina chake: saba nukta nane. Nikachukua kijiti nikaandika vumbini. Nusu ya saba ni tatu na nusu. Tatu na nusu mara tatu na nusu, zidisha kwa ishirini na mbili juu ya saba, unapata thelathini na nane na nusu. Hiyo zidisha kwa kina. Jibu likaja mia tatu na ushee kidogo sana. Moyo wangu ukatulia, nikamwambia baba, "Ni mia tatu."

Baba akayatazama yale maandishi vumbini. "Hiyo ishirini na mbili juu ya saba imetoka wapi?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, baba."

"Sijauliza mmefundishwa nini. Nimeuliza imetoka wapi. Hapa kwenye mashine sioni ishirini na mbili."

"Sijui, baba."

Watu wakacheka, na hapo nikawa nimempoteza. Na mimi mwenyewe, nisikudanganye, nikaanza kujitilia shaka. Rula zile mwanzoni zina nafasi kidogo kabla ya sifuri. Nilianzia kwenye sifuri au nilianzia kwenye ncha? Nikajikuta sikumbuki sawasawa.

"Dada," baba akamwita sengi yangu, "lete mafuta. Maji yatatia kutu, lakini mafuta hayana neno. Tujaze tuone kwa macho."

Sengi kwetu ndiye shangazi. Sengi yangu Nkamba alikuwa dada mkubwa wa baba, na alikuwa anauza mafuta ya pamba sokoni Bariadi. Alikuwa na kichupa cha dawa cha mililita hamsini, hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na hapakuwa na mteja aliyewahi kulalamika. Wapo waliopita wauzaji kadhaa wakamfuata yeye. Mama mcheshi, mwenye ugoro wake kwenye fundo la kitenge, na mdomo usiopumzika. Baba alikuwa anamwamini kuliko mizani ya pamba.

Sengi akaja na dumu na kichupa. Akachuchumaa mbele ya injini, akaanza kujaza huku anaongea na wanawake wenzake, anawatania, "Leo nina mteja wa chuma, huyu hakopi!" Watu wanacheka. Baba anaweka kokoto moja chini kila kichupa kikimiminwa. Kichupa cha tano kilipoingia, mafuta yakawa yamefika ukingoni, yamejaa pomoni, hayana pa kuongezeka.

Baba akazitazama kokoto zake. Tano.

"Hamsini mara tano ni ngapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Mia mbili na hamsini," mtu mmoja akajibu nyuma.

Kicheko kikakatika. Swedi yeye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyeamini. "Haiwezekani, mzee. Labda..."

"Labda nini? Mafuta nayo yanasema uongo?"

"Hapana, nasema labda tumekosea mahali."

"Aliyekosea ni mimi kukukaribisha hapa!" Baba alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Ulitaka uwachukue maksai wangu, watoto wangu wafe njaa, uniachie kitu cha kuchezea! Mwizi wewe!"

Mwanangu, nilimsikia mama akisema "Yalaa!" kwa sauti ndogo sana. Wale walinzi walikuwa wameshainuka. Hakuna aliyewaita, neno lenyewe liliwainua. Mmoja akaenda kwenye pikapu akachomoa ufunguo. Wengine wawili wakasogea kwenye lango la ua, ndiyo njia pekee ya kutokea. Swedi alikuwa bado ameshika spana, na mtu mmoja akamwambia polepole, "Weka hicho chuma chini." Akakiweka. Nilimwona macho yake yanatafuta pa kupita na hapakuwa na pa kupita.

Niliogopa. Nilijua jinsi mambo hayo yanavyoanza, mmoja anasukuma, wa pili anapiga, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka walianzia wapi. Na kichwani mwangu mia tatu na mia mbili na hamsini zinagombana. Nikarudia hesabu moyoni, ikaja ileile. Nikajiambia, basi ni rula, nimekosea kusoma. Kisha nikajiambia, hata kama nilianzia kwenye ncha, tundu lingekuwa kubwa kuliko nilivyosoma, cc zingezidi mia tatu, zisingepungua. Lakini nani angenisikiliza? Mimi na vumbi langu, mbele ya sengi na mafuta yake?

Swedi akamgeukia sengi. Alimwendea kwa heshima. "Mama yangu, nakuomba kwa Mungu. Pima tena."

Sengi akachukia. Maisha yake yote hakuwahi kuambiwa apime tena. "Mimi? Mimi Nkamba ndiye nipime tena? Lete bakuli!" Akaletewa. "Tazama basi! Tazameni wote! Hivi ndivyo ninavyopima!" Akajaza kichupa mpaka kwenye mstari, akakimimina bakulini. Kisha mkono wake ukarudi kwenye dumu, akachota tena mafuta kidogo kwa kichupa kilekile, akayaongezea juu ya yale ya bakulini. "Nani ameibiwa hapo?"

Na hapo nikaona.

Nikaona kitu ambacho kila mtu pale uani alikuwa amekiona mara tano na hakuna hata mmoja aliyekiona. Nyongeza! Wewe mwanangu nyongeza unaijua, ukinunua dagaa, ukinunua nyanya, muuzaji akishapima lazima akuongezee kidogo mkononi, asipokuongezea unamwita mchoyo na kesho unaenda kwa mwingine. Sengi alikuwa ameongeza nyongeza maisha yake yote. Mkono ulikuwa haumuulizi tena. Kila kichupa alichomimina kwenye ile silinda alikifuatisha na nyongeza yake, kama mililita kumi hivi, mara tano ndiyo hamsini iliyopotea, na baba akaweka kokoto moja tu. Hata Swedi hakuona, na yeye ni mwenye duka, siku nzima anawaongezea watu sukari.

"Sengi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Hiyo ya juu."

"Ya juu ipi?"

"Hiyo ndogo ya mwisho. Nyongeza. Umeiweka na kwenye mashine."

Baba akanigeukia kwa hasira, nikadhani fimbo itaanza na mimi. "Nyamaza! Unamwambia sengi yako ni mwongo mbele za watu?"

"Sijasema mwongo, baba. Nasema nyongeza."

Sengi alikitazama kichupa, akalitazama bakuli, akautazama mkono wake. Ule mdomo usiopumzika ukapumzika. Jina lake lote pale sokoni lilikuwa limekaa kwenye kichupa kile, na mtoto wa kaka yake amelitia doa mbele ya kijiji. Angeweza kunitukana yakaisha, watu wangemsadiki yeye. Walinzi walikuwa wanamsubiri aseme.

"Mwache," akamwambia baba. "Toeni hayo mafuta. Tunaanza upya."

Swedi na dereva wake wakaiinamisha injini, mafuta yakarudi kwenye bakuli, wakapangusa kwa kitambaa, wakapaka grisi upya. Sengi akajaza kichupa, akakimimina. Na wote tukauona mkono wake unarudi kwenye dumu kuchota ile ya juu, peke yake, bila kutumwa. Akausimamisha hewani.

"Mmeona?" akasema. "Unakwenda wenyewe." Watu wakaguna. Akaniita, "Minza, njoo unishike hapa."

Nikachuchumaa nikamshika kifundo cha mkono. Kila alipomaliza kichupa nilikuwa nausikia mkono ule unavuta, unataka kurudi kuongeza, na mimi naushikilia. Mkono wa mtu mzima una nguvu, mwanangu, hasa ukiwa umezoea kutoa. Baba naye alikuwa amechuchumaa na kokoto zake. Ya nne. Ya tano. Tundu bado lina nafasi. Akajaza cha sita, akakimimina polepole, mafuta yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni yakatulia.

Sita. Mia tatu.

Sengi akajiinua, magoti yakalia. Hakumtazama baba kwanza, aliwatazama wale walinzi. "Kama mlikuja kupiga mtu, nipigeni mimi. Mkono ulioongeza ni huu." Akaunyoosha mbele yao. Hakuna aliyeusogelea. Yule mwenye ufunguo akaurudisha kwenye pikapu, akarudi akiangalia chini, na wenzake wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Baba akasimama pale na kokoto sita miguuni. "Bwana Swedi, nimekosa," akasema. "Mbele ya watu nimekuita hivyo, mbele ya watu nasema nimekosa. Nisamehe. Maksai ni wako, wachukue."

Swedi alikuwa ameshaketi chini. Mama akampelekea maji kwenye kata, akanywa kidogo, mengine yakamwagika kifuani. Akasema, "Nimekusamehe, mzee Jilala. Wallahi nimekusamehe." Kisha akainuka akaanza kuirudishia injini kifuniko. Boliti zilikuwa zinamponyoka, zinaanguka vumbini, nami naziokota nampa. Alipomaliza akamwambia dereva waipakie.

"Unaipeleka wapi?" baba akauliza. "Si tumekubaliana?"

"Mzee, mashine ni chuma. Iko siku itagoma, zote hugoma. Siku hiyo utaniita nani? Na mimi siku hiyo nitakuwa wapi?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba aruhusiwe kwenda nyumbani kwa watoto wake. Wakaipakia, wakaondoka. Baadaye tulisikia ile injini ameinunua mtu wa Bukundi, na ilisaga miaka na miaka, watu wanaisifu.

Jioni ile tulikuwa tunakula. Sengi ndiye aliyeanza kusema, na maneno yake ndiyo nimekuitia hapa leo. Alimwambia baba, na yeye alikuwa na haki ya kumwambia, alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga:

"Jilala, nisikilize. Mkono wangu ulikosea, hilo ni langu na nimelisema. Lako wewe ni hili. Mtoto alipopima kwa rula akakwambia mia tatu, ulimuuliza imetoka wapi, ulichimba mpaka mtoto akaaibika. Mimi nilipokuletea mia mbili na hamsini, hukuuliza kitu. Hata 'dada, hebu rudia' hukusema. Kwa nini? Kwa sababu tangu asubuhi ulikuwa umeshaamua kwamba unaibiwa. Ulikuwa unasubiri tu kipimo kitakachokubaliana na wewe."

Baba aliacha kula. Mama alikuwa anatazama sufuria. Akasema, wala hakuinua uso, "Wangemuua. Mke wake angekuwa anamsubiri na chakula kama hiki." Kesho yake asubuhi alijitwisha mahindi kichwani akaenda kusaga kule mbali, na hakumtazama baba wala kinu. Alikwenda hivyo miaka mingine mingi. Mgongo ule ulimwinamisha mpaka kaburini, na sitaki kukwambia ilikuwa kazi ya Mungu peke yake.

Sasa wewe, mwanangu. Najua siku hizi hamjazi mafuta kwenye silinda. Ukitaka cc unaangalia kwenye simu. Sawa. Lakini kuogopa kuibiwa bado kupo, tena kumeongezeka. Nawaona mnavyorusha picha ya mtu kwenye makundi yenu, tapeli huyu, mwizi huyu, sambaza, na mnasambaza hata chai haijapoa. Nani amepima? Amepima na nini? Nimeuliza mara ngapi hapa nyumbani, hamnijibu, mnacheka, bibi naye!

Sikukatazi kupima. Pima! Baba hakukosea kutaka kupima, maksai wake walikuwa uhai wetu, na anayekuuzia kitu kwa haki hatakasirika ukikipima. Ila vipimo viwili vikikataana, usikimbilie kile kinachofanana na hofu yako. Kaa chini. Mwite mwenye rula, mwite mwenye chupa, warudie kupima mbele ya macho ya wote, na aliyepima aulizwe alifanyaje, hata kama ni mkubwa wako, hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Sengi hakuwa na ubaya hata chembe, na ukarimu wake ndio ulioharibu hesabu. Na ukimwuliza mkubwa, muulize kwa adabu, lakini muulize. Mimi nilitetemeka, nikauliza hivyohivyo. Kutetemeka hakuzuii mdomo kufunguka, nimelijaribu mwenyewe.

Na lile neno kubwa, la kumpa mtu sifa ya wizi, liache liwe la mwisho kabisa kutoka mdomoni mwako. Baba yangu aliomba radhi siku ileile, mbele ya watu walewale, na akasamehewa. Hata hivyo injini ilipakiwa ikaondoka.

Nimemaliza. Nenda sasa, Mungu akutangulie. Akupe mvua kwa wakati wake, akupe mifugo isiyougua na watoto wanaosema wanachokiona. Na kama iko siku wewe ndiye utakayesimama katikati ya watu, njia zote zimezibwa, kila kidole kinakuelekea, basi Mungu akupe pale mtu mmoja tu wa kusema, jamani, hebu tupime tena.